Mwongozo Huu Uliandikiwa Nani? Historia Fupi ya Nyaraka za Usanifu wa Chipu

Katika mwaka wetu wa pili wa masomo ya historia, mhadhiri wa somo la vyanzo alitufundisha kuuliza maswali matatu mbele ya waraka wowote: nani aliuandika, aliuandika lini, na alimwandikia nani. Maswali mawili ya kwanza wanafunzi huyajibu upesi kwa sababu majibu yake mara nyingi yako kwenye jalada. La tatu tunalipita tu. Mimi pia nilikuwa nalipita, mpaka liliponikuta mahali nisipotarajia, chumbani kwetu bwenini hapa Kampala.

Mwenzangu chumbani anasoma uhandisi wa umeme. Kwa ajili ya mradi wake wa mwisho aliamua kusanifu chipu ndogo ya kuhesabu kwa kutumia zana huria, yaani programu ambayo haiuzwi na ambayo msimbo wake mtu yeyote anaweza kuusoma. Zana za aina hiyo hupokea maelezo ya maandishi kuhusu kazi ambayo chipu inatakiwa kufanya, kisha hupanga zenyewe vijenzi na nyaya zake hadi itoke ramani inayoweza kupelekwa kiwandani. Mwongozo ulimwambia kwamba kabla ya kuanza ahakikishe mazingira ya kompyuta yamewekwa ipasavyo. Alihangaika usiku tatu na hilo neno "ipasavyo". Usiku wa nne akaona ndani ya folda ya zana hiyo faili moja fupi ambalo hakuwa amelifungua. Kichwa chake kilisema kwamba limeandikwa kwa ajili ya mawakala wa akili mnemba. Humo kila kitu kilikuwa wazi: taja njia ya folda fulani kabla ya jambo lingine lolote, fuata amri hizi kwa mpangilio huu, ukisahau hatua ya pili utaona ujumbe huu, na maana yake ni hii, faili lile usiliguse. Kabla saa moja haijaisha zana ilikuwa inafanya kazi.

Alicheka, lakini naona iliuma pia. Aliniambia, "Mimi binadamu waliniambia 'ipasavyo'. Mashine ndiyo waliyoiambia ukweli."

Insha hii imetokana na maneno hayo. Nitafuatilia nyaraka za usanifu wa chipu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi leo nikiwa na lile swali la tatu. Hoja yangu ni kwamba kila alipobadilika msomaji aliyekusudiwa na mwongozo, walibadilika pia watu walioweza kusanifu chipu. Kwa hiyo faili linaloandikiwa mashine si jambo dogo la kiufundi la kuachiwa wahandisi peke yao. Wakala ninayemzungumzia hapa ni programu ya akili mnemba inayopewa lengo, ikaandika amri zenyewe, ikaziendesha kwenye kompyuta, ikasoma majibu, na ikajaribu tena pale iliposhindwa.

Tuanze na wakati ambapo mwongozo haukuhitajika sana. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 4004 yenye transista zipatazo 2,300. Federico Faggin aliyeongoza kazi ya kuisanifu, pamoja na Masatoshi Shima aliyetoka kampuni ya Busicom ya Japani, walifanya kazi katika zama ambazo ramani ya chipu ilichorwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa. Baada ya hapo mistari ilikatwa kwa kisu juu ya utando mwekundu wa plastiki, ukapigwa picha na kupunguzwa mara nyingi hadi kupata violezo vya kiwandani. Faggin aliweka herufi za jina lake, F.F., pembeni mwa chipu hiyo kama mchoraji anavyotia sahihi kwenye picha. Maarifa yalikuwa mikononi mwa watu wachache ndani ya kampuni chache. Aliyetaka kujifunza aliajiriwa, akakaa karibu na fundi, akatazama. Kwa mwanahistoria, kipindi kama hicho ni kigumu kwa sababu fundi anayemfundisha mwanagenzi aliye pembeni yake hana haja ya kuandika.

Katika miaka hiyohiyo, kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yalianza mambo ya namna nyingine. Ronald Rohrer aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika programu ya kuiga tabia ya saketi, ili mtu ajue saketi yake itafanyaje kabla ya kuijenga. Mmoja wa wanafunzi hao, Laurence Nagel, aliendeleza kazi hiyo chini ya Donald Pederson, na mwaka 1973 programu iitwayo SPICE ilitambulishwa hadharani. Pederson alishikilia kwamba igawiwe bure. Ilisambaa katika vyuo na viwanda, na hadi leo programu nyingi za kuiga saketi ni wajukuu wake.

SPICE ilizaliwa katika zama za kadi zenye matundu. Saketi ilielezwa kwa maandishi, kijenzi kimoja kwa kila kadi, na rundo la kadi likasomwa na kompyuta. Kadi ya kwanza ilikuwa ya kichwa cha kazi. Kadi zimekwisha siku nyingi, lakini mstari wa kwanza wa faili la SPICE bado huchukuliwa kuwa kichwa. Mwanafunzi asiyejua akiandika kizuizi chake cha kwanza cha umeme kwenye mstari huo, kizuizi kinapotea kimyakimya wala haambiwi kitu. Mtego mwingine ni herufi M. Mashine za kutoboa kadi ziliandika herufi kubwa tu, hivyo programu haikuweza kutofautisha m ndogo ya mili na M kubwa ya mega. Ikaamuliwa kwamba M ni mili na anayetaka mega aandike MEG. Ukiandika 10M ukikusudia omu milioni kumi, SPICE itasoma sehemu moja ya mia ya omu. Mambo haya ni madogo, lakini naomba msomaji ayakumbuke kwa sababu nitayarudia. Mwanafunzi wa Berkeley aliyeangukia mtego huo alimwuliza mwenzake wa chumba cha pili. Mwongozo uliandikwa kwa mtu ambaye mtunzi wake angeweza kukutana naye kwenye korido.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa muongo huo, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sijaona katika historia hii waraka mwingine uliofanya kazi kubwa kama ule. Carver Mead alikuwa profesa wa Caltech ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwafundisha wanafunzi wake kusanifu chipu. Lynn Conway alikuwa mtafiti katika kituo cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto. Kabla ya hapo alifanya kazi IBM, ambako alifukuzwa mwaka 1968 baada ya kueleza kwamba anabadili jinsia. Alianza upya kwa jina jipya, bila kutaja kazi aliyokuwa ameifanya. Kampuni hiyo ilimwomba radhi mwaka 2020, na alifariki mwaka 2024. Ninataja maisha yake kwa sababu mtu aliyelazimika kuanza upya katika fani bila kuwa na wa kumtambulisha ana habari na hali ya anayesimama nje ya mlango. Kwamba hali hiyo iliathiri namna alivyoandika ni dhana yangu mimi, sina waraka wa kuithibitisha.

Wakati huo kila kiwanda kilikuwa na kanuni zake za kuchora: waya uwe na upana gani, uachane na mwenzake kwa umbali gani. Kanuni hizo zilikuwa nyingi, zilijaa hali maalumu, na zilibadilika kila kiwanda kilipoboresha mitambo. Mead na Conway wakaja na njia rahisi. Wakachukua kipimo kimoja wakakiita lamda, na kila kitu kikapimwa kwa lamda. Waya wa metali usiwe mwembamba kuliko lamda 3 na usimsogelee mwenzake chini ya lamda 3. Silikoni ya tabaka la juu isipungue upana wa lamda 2. Kiwanda kikipata mitambo bora, lamda yenyewe inapungua na mchoro unabaki uleule. Kanuni zilizojaza majalada sasa zilienea kwenye kurasa chache. Mafundi wakongwe walilalamika kwamba njia hiyo inapoteza nafasi kwenye chipu, na kwa hesabu ya nafasi walikuwa sahihi. Lakini waliohesabu nafasi hawakuhesabu watu.

Rasimu za kitabu chao, Introduction to VLSI Systems, zilichapishwa kwa mashine za kituo cha Xerox na kugawiwa vyuoni kabla kitabu chenyewe hakijatoka mwaka 1980. Katika majira ya mapukutiko ya 1978 Conway alikwenda MIT kufundisha somo hilo. Wanafunzi walijifunza, wakasanifu, na michoro yao ikasafirishwa kwa mtandao wa ARPANET kutoka mashariki ya Marekani hadi California, ambako ilikusanywa pamoja na kutengenezwa kiwandani. Mmoja wao, Guy Steele, alisanifu kichakato kizima cha lugha ya LISP. Mapema mwaka uliofuata walishika chipu zao mkononi. Watu ambao miezi michache nyuma hawakujua transista inachorwaje!

Conway hakuishia kuandika kitabu cha mwanafunzi. Aligeuza madokezo ya somo lile kuwa mwongozo wa mwalimu, ili mhadhiri wa chuo kingine ambaye hajawahi kusanifu chipu aweze kufundisha somo hilo. Wenzake Robert Hon na Carlo Séquin waliandika mwongozo mwingine kuhusu namna ya kupeleka mchoro kiwandani: violezo vinatengenezwaje, faili liwe na umbo gani, chipu ikirudi inapimwaje. Kwa hiyo walikuwapo wasomaji watatu, yaani mwanafunzi, mwalimu wake na mtu wa kushughulika na kiwanda, na kila mmoja akaandikiwa waraka wake. Mwaka 1979 jaribio lilirudiwa kwa vyuo vingi kwa mpigo. Ujumbe kuhusu tarehe, umbo la faili na makosa yanayozuilika ulitumwa kwa mtandao, na miradi 82 ikaingia pamoja kiwandani. Miongoni mwake ulikuwamo mradi wa Jim Clark wa Stanford ambao baadaye ulizaa kampuni ya Silicon Graphics. Mwaka 1981 utaratibu huo ulipewa nyumba ya kudumu iliyoitwa MOSIS, chini ya Chuo Kikuu cha Southern California. Katika miaka michache vyuo zaidi ya 100 vilikuwa vinafundisha somo hilo.

Ukiuliza ni kitu gani hasa kilichoandikwa, jibu rahisi ni kanuni. Lakini kanuni zilikuwa kurasa chache. Sehemu kubwa ya kitabu ilieleza sababu: transista inafanyaje kazi, kwa nini waya ukiwa mrefu ishara inachelewa, kwa nini mpangilio wa vijenzi ufuate mwendo wa data. Msomaji alipewa kidogo cha kila ngazi, kuanzia umeme hadi kompyuta nzima, akaachiwa nafasi ya kuunganisha mwenyewe.

Kuna kisa kingine cha miaka ya 1980 ambacho wanafunzi wenzangu wa historia watakifurahia. Idara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa inanunua vifaa vyenye chipu za kampuni mbalimbali, na ilikabiliwa na tatizo la kawaida la nyaraka: kifaa cha jeshi hutumika miaka mingi, na chipu inaweza kuacha kutengenezwa kabla kifaa hakijachakaa. Atakayeitengeneza tena atajuaje ilikuwa inafanya nini? Ikaagiza itungwe lugha rasmi ya kuelezea tabia ya chipu, na mwaka 1987 lugha hiyo, VHDL, ikawa kiwango cha kimataifa cha wahandisi. Mwanzoni ilikuwa lugha ya kuhifadhi kumbukumbu. Kwa kuwa ilikuwa sahihi kiasi cha kompyuta kuielewa, zikaandikwa programu za kuiga chipu kutokana nayo, na baadaye programu za kuigeuza kuwa saketi halisi. Waraka uliokusudiwa kueleza kitu kilichokwisha kutengenezwa ukawa ndio unaokitengeneza. Kwa hiyo mashine kuwa msomaji wa nyaraka za chipu ni jambo la zamani kidogo. Tofauti ni kwamba msomaji yule alitaka kila nukta iwe mahali pake, na huyu wa sasa anasoma lugha ya kawaida kama sisi.

Kipindi kilichofuata nitakipita haraka. Kazi ya kutengeneza zana ilihamia kwenye kampuni, na chache kati yake, kama Synopsys na Cadence, zikawa kubwa sana. Zana zao ni za ajabu kwa uwezo, na bila hizo chipu zenye mabilioni ya transista zisingekuwapo. Lakini miongozo yake ilifungiwa nyuma ya leseni na nywila, na kanuni za viwanda zikawa siri zinazotiwa sahihi mbele ya wanasheria. Mhandisi wa nje hakuwa na hata kitu cha kusoma. Jambo moja la kipindi hiki litatufaa baadaye. John Ousterhout wa Berkeley, aliyeongoza utengenezaji wa zana ya kuchorea chipu iitwayo Magic, alichoka kuona kila zana ina lugha yake dhaifu ya amri, na mwaka 1988 akaanza kutunga lugha moja ndogo ya kuingizwa ndani ya zana yoyote. Lugha hiyo, Tcl, ikawa lugha ya amri ya karibu zana zote za fani hii. Matokeo yake ni kwamba zana ya chipu huendeshwa kwa kuandika, na mtu akitaka anaweza kumaliza kazi bila kugusa picha hata moja. Hakuna aliyefikiria wakala wa akili mnemba wakati huo, lakini mlango atakaopitia ulikuwa umeshatobolewa.

Mwaka 2018 ulianza mradi wa OpenROAD, ukiongozwa na Andrew Kahng wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kwa fedha za DARPA, shirika la utafiti la Idara ya Ulinzi. Lengo lilitangazwa waziwazi: kutoka maelezo hadi ramani ya chipu ndani ya saa 24, bila binadamu kuingilia kati. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Minnesota waliweka hadharani kanuni kamili za kutengenezea chipu za nanomita 130, zile ambazo kwa kawaida ni siri. Juu ya vitu hivyo viwili ilijengwa OpenLane, zana inayounganisha hatua zote kuwa mkondo mmoja. Miongoni mwa waliotangulia kuijenga alikuwa Mohamed Shalan wa Chuo Kikuu cha Marekani mjini Cairo. Ninaposikia wenzangu wakisema kwamba chipu ni mambo ya Ulaya, Marekani na Asia, huwa nawakumbusha kwamba mto unaopita Jinja unapita Cairo pia. Mwaka 2022 Matt Venn alianzisha Tiny Tapeout, ambako miradi mingi midogo hubanwa ndani ya chipu moja ili gharama igawanywe. Ni wazo lilelile la 1979, safari hii likiwa wazi hata kwa mtu asiye na chuo. Kampuni ya Efabless, iliyosimamia safari nyingi za kiwandani za miradi huria, ilifunga shughuli mwaka 2025. Nyaraka na zana zake zilibaki hadharani, na wengine wakaziokota na kuendelea. Nyaraka za kampuni iliyofunga milango yake na kabati lake kwa pamoja huwa haziokotwi na mtu.

Ndipo anapoingia msomaji mpya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walizungumza na GPT-4 hatua kwa hatua hadi wakapata usanifu wa kichakato kidogo cha biti 8, wakaupeleka kutengenezwa. Katika kazi hiyo binadamu alikuwa tarishi: programu iliandika, mtu akaiendesha, akarudi na ujumbe wa kosa. Mwaka huohuo kampuni ya Nvidia ilieleza mradi wake wa ChipNeMo, ambao ulifunza modeli ya lugha kwa nyaraka za ndani za kampuni ili ijibu maswali ya wahandisi na kuandika amri za zana. Mwaka 2024 watafiti walitoa hadharani mkusanyiko wa maswali, majibu na mifano ya amri za OpenROAD kwa ajili ya kufunza modeli. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Anthropic ilitangaza utaratibu wa wazi wa kuziunganisha modeli na zana, uitwao MCP. Yule tarishi akaanza kuondoka, na wakala akagusa zana mwenyewe.

Hapo waandishi wa miongozo wakagundua kwamba yale waliyoyaandika hayamtoshi. Binadamu akisoma "ipasavyo" atahangaika, atamwuliza mtu, au atakata tamaa, na mtunzi wa zana hatajua. Wakala hukisia. Naye hukisia kwa ujasiri, akichanganya aliyosoma kwingine. Kwa sababu zana nyingi hutumia Tcl, anaweza kuandika ndani ya OpenROAD amri ya zana ya kampuni nyingine ambayo humo haipo kabisa, ikiwa na sura ya kweli hata mwalimu akadanganyika. Kwa hiyo waraka wa wakala lazima utaje amri kwa majina yake kamili na mfano unaoendeshika, useme hatua ipi hutangulia ipi, useme matokeo mazuri yanaonekanaje na mabaya yanaonekanaje, na uonye kuhusu kitendo kisichorudishwa nyuma. Usitegemee picha za skrini. Uwe mfupi, maana modeli ina kikomo cha maneno inayoweza kuyashika kwa wakati mmoja. Uendane na toleo la zana lililopo, kwa sababu wakala ataufuata waraka uliochakaa kwa utii uleule. Hata majibu ya zana yenyewe yanakuwa sehemu ya mwongozo: ujumbe unaosema tu "imeshindikana" haumsaidii, unaosema "faili la saa halikutajwa, litaje kabla ya amri ya global_placement" unamfikisha.

Nilipomsomea mwenzangu orodha hiyo alinitazama akaniuliza, "Sasa ni kipi hapo ambacho mimi sikihitaji?" Sikuwa na jibu. Mwanafunzi aliye mbali na Berkeley na Palo Alto yuko katika hali ya wakala: hana korido, hana fundi wa kumtazama, hajui mazoea ya ofisi ambayo hayakuandikwa, ana maandishi tu. Kwa muda mrefu alilalamika na hakusikika kwa sababu mwenye kushindwa kimya hahesabiwi. Wakala anaposhindwa anaacha kumbukumbu ya kila amri aliyokosea, na mwenye zana anaiona. Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaodai kwamba kuandikia mashine ni kumdharau mtu. Kwa bahati, mashine imetudai haki ambayo sisi tulishindwa kuidai.

Lakini kuna upungufu. Nimesoma mafaili kadhaa ya aina hiyo nikiyalinganisha na kitabu cha Mead na Conway, na ninaona kwamba yanaamrisha tu. Fanya hivi, usifanye vile. Turudi kwenye herufi M ya SPICE. Mstari unaosema "andika MEG, usiandike M" utamwokoa wakala na utamwokoa mwanafunzi. Mstari unaosema kwamba kadi za zamani zilikuwa na herufi kubwa tu utamfanya mwanafunzi ahisi kwamba huenda kuna masalia mengine ya kadi, na akifika kwenye mstari wa kwanza unaomezwa hatashangaa. Sababu hugharimu maneno, na wanaoandikia mawakala wanayabana maneno. Hivyo sababu ndizo zinazokatwa kwanza. Tukizoea hivyo tutapata chipu nyingi na wasanifu wachache, yaani kinyume cha kile kilichotokea mwaka 1979.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mahali nyaraka hizo zitakapohifadhiwa. ChipNeMo na mkusanyiko wa OpenROAD vilitofautiana kwa mwaka mmoja au pungufu, na vyote vinamwandikia msomaji wa aina moja. Kimoja kimebaki ndani ya ukuta wa kampuni, kingine kiko hadharani. Ni ugomvi uleule wa Pederson na waliokuja baada yake. Faili la wakala likiwa hadharani na likiandikwa kwa lugha ya watu, mtu wa Kampala, Bujumbura au Goma anaweza kulifungua kama alivyofanya mwenzangu. Likifungwa, mwongozo wa wazi utabaki na "ipasavyo" yake milele, kwa sababu mwenye zana hatakuwa na haja ya kuurekebisha.

Mwenzangu aliwaandikia watunzi wa zana ile akipendekeza kwamba mistari mitatu ya faili la wakala ihamishiwe kwenye mwongozo wa watu, na akaongeza sentensi mbili za kueleza kwa nini njia ya folda itajwe kwanza. Hadi ninapoandika hawajamjibu. Wakati akisubiri, aliyaandika yale yale kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kuibandika nyuma ya mlango wetu. Wiki iliyopita walikuja wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza kuipiga picha kwa simu. Mmoja aliuliza kwa nini hatua ya tatu isiwe ya pili. Alivuta kiti akaanza kumweleza, na umeme ulipokatika waliendelea kwa mwanga wa simu.